Umumunyifu wa chumvi (kiasi kinachoweza kuyeyuka majini): mbona nimepata 41?

SWALI: Nimekausha mmumunyo wa chumvi ya mezani wa nyuzi 25, nikapata gramu 41 kwa gramu 100 za maji badala ya 36. Nimekosea wapi?

JIBU: Ama punje zisizoyeyuka zilipita kwenye chujio, ama chumvi haikukauka, la pili ndilo hutokea zaidi. Koroga chumvi majini mpaka punje zibaki chini bila kuyeyuka, chuja kwa karatasi kavu (iliyolowa huzimua mmumunyo), pima gramu 20 kwenye bakuli la kaure. Kausha kwa moto mdogo. Punje zikianza kurukaruka, funika nusu kwa kioo, la sivyo jibu litapungua. Pasha, poza, pima, urudie hadi uzito usibadilike. Ikibaki gramu 5.3, maji yalikuwa 20 − 5.3 = 14.7: 5.3 ÷ 14.7 × 100 = 36. Ukigawanya kwa 20, yaani mmumunyo wote badala ya maji, utapata 26.5.