Re: Zawadi ya chupa ya kumbukumbu ya nyanya

Dadangu, umeuliza utie nini kwa chupa ya kumbukumbu ya kumzawadia nyanyako, ile ya kutia karatasi za kumbukumbu za wajukuu, na ufanyeje asmini zisiharibike. Asmini mbichi usitie kabisa, joto la hapa Mombasa na unyevu wa bahari zitaota ukungu siku chache tu na karatasi zote ziharibike nazo. Zianike kivulini mpaka zivunjike ukizishika, alafu tia na kale kapakiti ka kunyonya unyevu kanakokuja kwa boksi la viatu.

Chupa chukua ya jem yenye mdomo mpana, lebo iloweke maji moto, gundi ikibaki isugue na mafuta ya kupikia, ioshe na uikaushe sanaaa kabla hujatia kitu.

Ndani sasa ndo penye raha, waambie wajukuu kila mtu aandike kitu kimoja anachomkumbuka nacho, si "nakupenda" tu, aandike ile mahamri ya asubuhi au alivyomfunza kusuka mkeka, na waandike kwa biro na herufi kubwa manake macho ya wazee. Kifuniko kifunge na kipande cha leso yake iliyochakaa, ukikata hakikisha lile jina, yale maneno yaliyoandikwa kwa leso, linaonekana, hapo mi naona atalia wallahi.