Maswali ya Wasomaji: Fort Jesus katika Picha za Nyeusi na Nyeupe

SWALI: Mhariri, salaam. Nimepiga picha nyingi za Fort Jesus kwa simu, kisha nikazigeuza kuwa za nyeusi na nyeupe. Kwa macho, ukuta wa manjano na anga la buluu vinapendeza mno, lakini kwenye picha vyote viwili vimekuwa kijivu kimoja na ngome imepotea. Picha za zamani za ngome hiyo hiyo zina ukuta mzito na anga jeupe kabisa. Je, tatizo ni simu, au ni saa ninazokwenda? Huwa nakwenda mchana.
Msomaji, Mombasa

JIBU: Ndugu msomaji, simu yako haina kosa. Jicho hutenganisha vitu kwa rangi na kwa mwangaza pia, ilhali picha ya nyeusi na nyeupe imebakiwa na mwangaza peke yake. Lipu ya Fort Jesus, iliyochujuka kwa jua na chumvi hadi ikawa manjano inayokaribia udongo, hurudisha mwanga kwa kiasi kisichopishana sana na anga la buluu la mchana; kwa hiyo programu inapoziondoa rangi zote kwa mkupuo mmoja, vitu hivyo viwili huangukia kijivu kile kile.

Endelea kupiga kwa rangi, kisha uigeuze picha mwenyewe kwa programu inayokuruhusu kurekebisha kila rangi peke yake. Pandisha mwangaza wa manjano na wa chungwa, ushushe wa buluu, na utaona ukuta ukijitokeza huku anga likikolea nyuma yake. Usiishushe buluu hadi mwisho, kwani anga litajaa chembechembe na mstari mweupe utajichora kwenye ukingo wa buruji, na hapo kila mtu atajua kwamba picha imechezewa.

Wanaotumia filamu huifanya kazi hiyo papo hapo kwa kioo cha rangi kinachofungwa mbele ya lenzi, ambacho hupitisha mwanga wa rangi yake na kuzuia ule wa rangi pinzani. Kioo cha manjano hula takriban stopu moja ya mwanga (kila stopu hupunguza mwanga kwa nusu), cha chungwa mbili, chekundu tatu. Kwa ngome hii mimi huchagua cha chungwa, kwa sababu chekundu huugeuza ukuta kuwa mweupe kama chaki na kufuta vishimo vyake, ambavyo ndivyo uzuri wenyewe. Isitoshe, vioo hivi hukoleza anga la buluu tu. Siku ambayo mvuke wa bahari umelifanya anga la Mombasa kuwa jeupe, hakuna kioo kitakachosaidia. Lipunguze kwenye fremu, ujaze jiwe.

Kuhusu picha za zamani, anga lake jeupe halikuwa uamuzi wa mpigaji. Bamba za karne ya 19, yaani vioo vilivyopakwa dawa ya kunasa mwanga kabla ya filamu kuenea, zilihisi mwanga wa buluu na wa urujuani, lakini karibu hazikuona manjano wala nyekundu. Anga liliungua likawa jeupe, na ukuta wa manjano ukatoka mweusi kuliko ulivyokuwa. Mjerumani Hermann Vogel aligundua mwaka 1873 kwamba rangi fulani zikichanganywa kwenye dawa ya bamba huliwezesha kuhisi kijani na manjano, na bamba zinazohisi rangi zote zilianza kuuzwa mwaka 1906. Ukitaka sura ile ya kale, geuza maagizo yangu: pandisha buluu, shusha manjano. Nasema hivi bila kusita, kwa kuwa ukuta mzito unaifaa Fort Jesus. Ngome hii, iliyochorwa na Mtaliano Giovanni Battista Cairati na kujengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596, ilizingirwa na Waomani tangu 1696 hadi 1698, watu wakafa ndani kwa maradhi na njaa, na kuanzia 1895 hadi 1958 Waingereza waliifanya gereza. Picha inayoipamba kama hoteli ya ufukweni inaacha nje sehemu kubwa ya habari zake.

Sasa saa. Wengi watakukataza mchana. Mimi nakukataza adhuhuri tu, na si kwa kila ukuta. Ukuta wa upande wa bahari unatazama mashariki, na jua la saa kumi na mbili na nusu huupiga usoni moja kwa moja, likauacha bapa. Subiri saa nne hadi saa tano, jua linapokuwa juu na mwanga unateremka ukiuparaza ukuta. Hapo sogea karibu, mahali ambapo lipu imebanduka: utaona jiwe la matumbawe lenye alama ndogo mithili ya nyota, zilizoachwa na viumbe wadogo wa baharini waliolijenga, na chokaa iliyojaa kati ya jiwe na jiwe, kila kishimo kikiwa na kivuli chake. Hakuna picha ya rangi inayoonyesha hayo vizuri zaidi. Mwezi wa Juni, jua linapopita upande wa kaskazini, hata saa sita ukuta unaotazama kaskazini hupata mwanga huo. Desemba ni zamu ya unaotazama kusini.

SWALI: Katika njia ya matao ya Fort Jesus inayoshuka kuelekea baharini, picha zangu ama zina giza tupu ama mdomo wa njia umeungua. Nifanye nini?
Msomaji, Kilifi

JIBU: Pima mwanga wa mdomo wa njia, si wa kuta. Kwenye simu, gusa sehemu yenye mwanga kisha upunguze mwangaza kidogo, kwa maana sehemu iliyoungua hairudi, lakini iliyo gizani huweza kupandishwa baadaye. Iegemeze simu ukutani isitikisike, na usiipandishe picha mpaka kila kona ionekane. Inatosha ukingo wa tao na jiwe la kwanza au la pili visomeke. Kwingineko pabaki peusi.