Ni ngiri aliyetuletea homa ya nguruwe?

Swali: Daktari, shikamoo. Hapa kijijini kwetu, mkoani Mbeya, nguruwe wanakufa banda baada ya banda: homa kali, masikio mekundu, siku chache mzoga. Wazee wanasema chanzo ni ngiri wa porini. Vijana wanamnyooshea kidole mfugaji aliyehamia juzijuzi. Nani mkweli?

Jibu: Marahaba. Dalili hizo zinafanana sana na homa ya nguruwe ya Afrika, ingawa wa kuthibitisha ni maabara, si mimi wala mwenyekiti wa kijiji.

Ngiri anahusika, lakini si kwa namna anayosingiziwa. Virusi huzunguka kati yake na papasi, aina ya kupe, wanaojificha mashimoni mwake. Mtoto wa ngiri akiumwa na papasi hubeba virusi kwenye damu kwa muda bila kuugua, papasi wengine wakimnyonya nao wanavipata. Ngiri mzima ni nadra kumwambukiza nguruwe kwa kupishana naye tu. Mvushaji hasa ni papasi akidondoka karibu na banda. Mwaka 1921 daktari wa mifugo Montgomery aliueleza ugonjwa huu kwa mara ya kwanza, kutokana na vifo vya nguruwe wa walowezi huko Kenya, na ngiri akahusishwa tangu hapo. Ni mtuhumiwa anayefaa sana: hana chama cha ushirika wala hadai fidia.

Ila homa ikishaingia mabandani haimhitaji tena. Mwaka 2010 ilizuka Kyela, huko huko Mbeya, baadaye ikaonekana Morogoro na Dar es Salaam. Ngiri hapandi lori. Wanaopanda ni nguruwe hai, na nyama, na mnunuzi ambaye buti zake zimekanyaga kila banda la kata nzima. Ongeza dume la kuazimana na makombo ya hotelini. Ureno mwaka 1957 iliupata ugonjwa kwa mabaki ya chakula cha abiria wa ndege waliyolishwa nguruwe karibu na uwanja wa ndege wa Lisbon. Hakuna ngiri huko.

Kuhusu huyo mgeni, ulizeni tarehe kwanza. Ugonjwa hujificha mwilini kati ya siku 4 na 19. Kama nguruwe wa kwanza alikufa kabla mgeni hajafika, mwacheni. Na hata kama ulianzia kwake, mkimwaibisha hadharani mjue kitakachofuata: mfugaji mwingine akiona nguruwe kazubaa atampigia simu mwenye bucha la kitimoto kabla ya afisa mifugo. Mimi nalichukia hilo kuliko papasi wote wa Mbeya.

Tiba hakuna. Msiuze, msichinje, msiazimane dume. Mizoga izikwe kwa kina au ichomwe. Makombo yachemshwe nusu saa nzima, au yaachwe kabisa. Nyama haiwadhuru watu, lakini ikitoka kijijini inabeba virusi. Mwiteni afisa mifugo leo, na sampuli ya damu ichukuliwe kwa nguruwe mwenye homa aliye hai bado, si kwenye mzoga wa juzi.