Barua kwa Mwanangu: Vijana wa California na Vinamasi vya Louisiana

Mwanangu Rehema,

Barua yako imenifikia, na swali lililomo limenifurahisha kuliko hata salamu. Unasema umesoma kwamba Creedence Clearwater Revival, bendi ambayo nyimbo zake mmekua mkizisikia humu nyumbani, hawakuwa watu wa Louisiana hata kidogo. Unaniuliza imekuwaje mama yako, asiyevumilia ubabaishaji, akawapenda vijana wa California waliojidai kuwa wazaliwa wa vinamasi vya kusini mwa Marekani.

Ulichosoma ni kweli. John Fogerty, Stu Cook na Doug Clifford walianza kupiga muziki wakiwa wanafunzi huko El Cerrito, ng'ambo ya ghuba ya San Francisco, mwishoni mwa miaka ya 1950, kisha Tom, kaka yake John, akajiunga nao na kushika gitaa la rithimu. Louisiana hawakuijua. Waliijua kwa masikio tu, kupitia santuri za wanamuziki wa bluzi na roki kama Howlin' Wolf na Bo Diddley, na John, mtunzi na mwimbaji wao, alipotunga "Born on the Bayou" (yaani "Nimezaliwa Kinamasini") alikuwa anatunga kutokana na alichokisikia.

Hata hivyo, sikiliza "Green River" kabla hujahukumu. Wengi huudhania kuwa wimbo wa kusini, ilhali mto unaoimbwa ni Putah Creek, kijito cha California ambako familia ya Fogerty ilikuwa ikienda kupumzika John alipokuwa mdogo, na jina lenyewe alilitoa kwenye chupa ya sharubati ya soda. Halafu sikiliza "Lodi", wimbo wa mwanamuziki aliyekwama bila nauli katika mji mdogo. Lodi ni mji wa California, wala si mbali na kwao, lakini John amekiri kwamba hakuwa amewahi kufika, bali alivutiwa tu na jinsi jina lake linavyosikika. Unaona basi kwamba pale unapodhani ameazima, mahali palikuwa pake, na pale unapodhani yuko kwao, amebuni. Mimi simuulizi mwimbaji alizaliwa wapi. Namuuliza ameweka nini chake ndani ya wimbo.

Kwa swali hilo, "Fortunate Son" wa mwaka 1969 unanitosha. Vita vya Vietnam vilikuwa vimepamba moto, na John, ambaye mwaka mmoja tu kabla ya hapo alikuwa ameachiliwa kutoka jeshi la akiba, aliwaona watoto wa wakubwa wakikwepa vita huku watoto wa mafundi na wakulima wakipelekwa. Wimbo hauchukui hata dakika mbili na nusu. Ngoma inaanza, besi inaingia, gitaa linafuata, kisha inakuja sauti ile iliyokwaruzika, inayomtaja mtoto wa seneta na mtoto wa milionea bila kumlaumu askari aliye vitani. Humo hamna kinamasi wala meli ya mvuke, na hakuna neno hata moja ambalo ungelitoa bila wimbo kupungukiwa.

Ufupi huo ndio ulionikamata nikiwa binti. Wakati bendi nyingi za San Francisco zilikuwa zikinyoosha wimbo mmoja mpaka wasikilizaji wakasinzia, hawa walitoa albamu tatu katika mwaka 1969 peke yake, nyingi ya nyimbo zake zikiwa fupi na zimekazwa kama ngozi ya ngoma. (Katika "Cosmo's Factory" ya mwaka 1970 upo mmoja wa dakika kumi na moja, na mara nyingi huwa nauruka.) Nyimbo zao tano zilifika nafasi ya pili katika chati ya Billboard, inayopanga nyimbo zinazovuma zaidi Marekani, na hakuna hata mmoja uliofika ya kwanza, jambo ambalo bado linaniudhi.

Habari za kuvunjika kwao nitazipita haraka: John alitaka kuamua kila kitu, Tom akaondoka mwaka 1971, na mwaka uliofuata bendi ikafa. Lakini kisa kimoja cha baadaye kinahusu hasa swali lako. Kampuni ya santuri ya Fantasy, iliyokuwa ikimiliki nyimbo zake za zamani, ilimshtaki John ikidai kuwa "The Old Man Down the Road", uliokuwamo katika albamu yake ya mwaka 1985, ulinakiliwa kutoka "Run Through the Jungle", ambao aliutunga yeye mwenyewe. Kwa maneno mengine, alishtakiwa kwa kujiiga. Mwaka 1988 aliingia mahakamani na gitaa lake, akawapigia wazee wa baraza ili wasikie jinsi anavyotunga, nao wakampa ushindi. Mtu unayemwita mbabaishaji, mwanangu, alilazimika kuthibitisha kwa kiapo kwamba sauti yake ni yake.

Utakapozisikiliza tena, anza na "Green River", ufuatishe "Lodi", na "Born on the Bayou" uiache mwisho, kisha uniandikie kama bado unawaona waongo.

Akupendaye,
Mama yako