Ningu hawapandi tena kijitoni kwetu

SWALI: Msitu wa familia yetu karibu na Busia, Uganda, unapitiwa na kijito chenye upana wa mita 2, kinachoingia mto Sio. Zamani mvua za Machi zikianza, samaki aina ya ningu na kisinja walipanda hadi kwetu. Siku hizi ni tope tupu. Mikaratusi imefika ukingoni kabisa, na kijito hupita kwenye kalvati chini ya njia ya kutolea magogo. Je, tununue vifaranga wa samaki tuwamwage?
Msomaji, Busia

JIBU: Hapana, ndugu msomaji, hifadhini hela hizo. Samaki hawa hupanda wenyewe wakipata njia. Kisinja hutafuta changarawe safi ya kutagia, ningu hutafuta majani yaliyofunikwa na mafuriko. Vifaranga mtakaomwaga kwenye tope watakufa, au watashuka na maji.

Anzeni na kalvati. Simameni upande wa chini: maji yakidondoka kutoka mdomoni mwake kama yanavyodondoka kwenye mabati, samaki wengi hukwama hapo. Dawa kamili ni kuing'oa na kuilaza upya, robo ya kipenyo chake ikiwa chini ya sakafu ya kijito, ili changarawe itulie ndani. Kama gharama inawashinda, pangeni mawe makubwa upande wa chini yawe ngazi, kila kipandio kisizidi kimo cha sentimita 15, mpaka maji yajae na kurudi ndani ya kalvati. Mapengo ya mawe yazibeni kwa changarawe na udongo wa mfinyanzi. Hapa ndipo wengi hukosea: maji hupenya chini ya mawe, na kiangazi ngazi hubaki kavu.

Kisha tope. Ng'oeni jiwe la ukubwa wa ngumi kutoka kijitoni. Kama lilikuwa limezama nusu topeni, mayai hapo hayapati hewa. Mara nyingi tope hutoka kwenye njia ile ile ya magogo, kwa hiyo ikatizeni kwa mitaro ya mshazari, kila mita 20 au chini ya hapo penye mteremko mkali. Kila mtaro umwage maji kwenye majani ya msituni, kamwe si kijitoni.

Kanuni za Uganda za mwaka 2000 kuhusu kingo za mito zinalinda mita 30 kila upande wa mito midogo, hivyo muoneni kwanza afisa mazingira wa wilaya. Mikaratusi ya ukanda huo ikateni theluthi kila mwaka, maana mkiifyeka yote kwa mkupuo maji yatachemka juani. Visiki viacheni, vinashika ukingo, ila kateni machipukizi bila kuchoka. Pandeni mikuyu na mizambarau pori.

Magogo ya kuyafanya maji yachimbe vidimbwi kijitoni yaje mwisho: urefu mita 4, unene sentimita 30, nusu ikiwa imefukiwa ukingoni na ncha ikielekea mkondo unakotoka. Maji hulivuka gogo kwa pembe mraba, kwa hiyo ncha ikielekea mkondo unakokwenda yatakula ukingo wenu. Fanyeni kazi hii Januari na Februari, kabla samaki hawajaanza safari.