Maswali ya Wasomaji: Namba ya Nguo, Tepu ya Fundi na Mwili Wako

Habari zenu. Nina gauni la mtumba lenye lebo ya 14 ya Uingereza, blauzi ya dukani Kariakoo iliyoandikwa 2XL, na nyingine niliyoletewa kutoka Marekani imeandikwa M. Zote zinanikaa vizuri. Sasa mimi ni saizi gani? Ile 2XL imeninyima raha mpaka nimekata lebo yake. (Msomaji, Tabata)

Dada, kwa maelezo yako kifua chako kinakaribia sentimita 96, na lebo zote tatu zinasema hicho hicho. 14 ya Uingereza ni 10 ya Marekani, ni 42 ya Ufaransa na 46 ya Italia. Kampuni nyingi za Marekani huiweka hiyo 10 kwenye M. Blauzi ya Kariakoo nayo, kama nyingi zinazouzwa Mtaa wa Kongo, huenda imetoka China, na huko mtu wa kifua cha 96 ndiye anayeitwa 2XL.

Kabla ya kukata lebo ya Kichina tena, isome. Mara nyingi chini ya herufi kubwa kuna maandishi madogo kama 160/84A. Namba ya kwanza ni urefu wa mtu kwa sentimita. Ya pili ni kifua chake kama nguo ni ya juu, au kiuno kama ni suruali au sketi. Herufi ya mwisho ni tofauti kati ya kifua na kiuno: kwa wanawake Y ni sentimita 19 hadi 24, A ni 14 hadi 18, B ni 9 hadi 13, C ni 4 hadi 8. Mwenye kiuno chembamba na kifua kikubwa akivaa C, nguo itamwagika kiunoni, na hakuna kosa lolote mwilini mwake. Maandishi hayo madogo yana faida kuliko XL zote zilizo juu yake.

Hizi namba za 10, 12, 14 zina historia inayofaa kujulikana. Mwaka 1939 na 1940 Wizara ya Kilimo ya Marekani iliendesha upimaji wa wanawake karibu 15,000 ili viwanda vipate vipimo vya pamoja, na hesabu zilizotumika zilikuwa za wanawake wazungu. Kipimo rasmi kikatoka 1958, kikafutwa 1983. Tangu hapo kila kampuni inajipangia, na nyingi zimekuwa zikishusha namba ili mnunuzi afurahi kuingia kwenye ndogo. Mwanamke wa Tabata hakuwepo kwenye hesabu hiyo tangu mwanzo. Haina uzito wa kumkosesha mtu raha.

Nunua tepu ya fundi, ikae kwenye mkoba. Jipime ukiwa na nguo za ndani tu. Kifua: tepu ipite kwenye chuchu, mgongoni isishuke. Kiuno: inama upande, pale mwili unapojikunja ndipo penyewe. Hipsi: sehemu pana kabisa ya makalio, mara nyingi sentimita 18 hadi 22 chini ya kiuno; wengi hupima juu mno kwenye mfupa, halafu sketi inagoma kupanda. Pumua kawaida, usivute tumbo ndani, na kidole kimoja kipite chini ya tepu.

Ukifika kwenye soko la mtumba kama Karume au Tandika ambako hakuna chumba cha kujaribia, laza nguo, pima kutoka kwapa hadi kwapa, zidisha mara mbili. Kwa kitambaa kisichovutika, jibu lizidi kifua chako kwa sentimita 5 hadi 8, na kwenye hipsi kwa 4 hadi 6. Cha kuvutika kinaweza kulingana na mwili au kupungua kidogo. Ule mtindo wa kuzungusha kiuno cha suruali shingoni hufanya kazi kwa mtu ambaye shingo yake ni nusu ya kiuno. Tumbo likiongezeka shingo hailifuati, ndiyo maana suruali iliyokubali sokoni inakataa nyumbani.

Shikamooni. Tuna sendoff mwezi ujao na kamati imegawa kitenge cha sare. Fundi alipoona namba zangu (hipsi 120) akasema mbele za watu, "Dada, mwili huu kitambaa hakitoshi." Nimepewa yadi 4 kama wenzangu wote. Natamani nisiende. (Msomaji, Mbagala)

Marahaba. Nenda, na yadi 4 zinatosha ukichagua mshono unaofaa. Tupige hesabu.

Upana wa kitenge ni kama sentimita 115. Hipsi zako 120, ongeza 6 za kupumulia na 8 za kushonea pande zote, unapata 134. Mbele na nyuma haviwezi kukatwa sambamba kwenye upana mmoja, kwa hiyo fundi anahitaji urefu mara mbili. Gauni la sentimita 145 linakula 290, mikono na kola kama 60, jumla 350. Yadi 4 ni sentimita 366. Imetosha, na kipande kidogo kinabaki. Mwenzako mwenye hipsi 96 anakata mbele na nyuma sambamba na atamaliza na yadi 2 na nusu. Yeye ndiye anayebaki na kitambaa kingi. Kisichotosha yadi 4 ni sketi ya kumwagika, mikono ya maputo, au mshono wa samaki wenye pindo pana. Hiyo inataka 5 hadi 6. Na kama kitenge kina picha kubwa inayotakiwa kulingana mbele na nyuma, omba nusu yadi zaidi mapema, kwa sababu kamati ikimaliza gora hilo rangi ile ile hupatikana kwa shida.

Kama kitenge ni cha pamba, kiloweke, kikauke kivulini, kipigwe pasi, ndipo kikatwe. Kikipungua asilimia 3 tu, gauni la sentimita 145 limepoteza zaidi ya 4, nawe utalaumu tumbo wakati kosa ni la maji.

Kwa fundi, vipimo vitatu havitoshi mwili wenye mikunjo. Mwambie apime pia mkono wa juu pale ulipo mnene, upana wa mgongo, kutoka bega hadi chuchu, na kutoka kiunoni hadi hipsi. Mkono wa juu ndio unaosahaulika zaidi, na ndio unaomfanya mtu ashindwe kunyanyua mkono kushangilia maharusi. Usipimwe juu ya dera au jinzi. Aache inchi moja ya akiba kila upande wa mshono, nguo iweze kuachiwa baadaye. Na ujaribu gauni kabla ya pindo na bitana kushonwa, angalau wiki moja kabla ya shughuli.

Siku ya kujaribu, simama, kaa, nyanyua mikono, halafu tazama mistari. Mikunjo inayotoka kwenye chuchu kwenda kwapani maana yake kifua kimebanwa. Kitambaa kikijikusanya juu ya hipsi, gauni ni finyu hipsini nalo linapanda kutafuta nafasi. Pindo likiwa juu nyuma kuliko mbele, makalio yanahitaji urefu wa ziada, kwa hiyo nyuma ikatwe ndefu tangu mwanzo. Zipu ikiota mawimbi, mgongo umebanwa au zipu imevutwa wakati wa kushonwa. Yote hayo fundi anayejua kazi anayarekebisha, na hakuna hata moja linalohitaji wewe upungue.

Na yale maneno yake? Mwite pembeni: "Fundi, namba zangu nazijua. Nieleze kitambaa tu." Akirudia mbele za watu, chukua kitenge chako. Temeke nzima ina mafundi.

Sidiria inapanda mgongoni na mikanda imenichimba mabegani. Navaa 40B kwa sababu ndiyo inayopatikana. (Msomaji, Mwenge)

Mkanda wa kifuani ni mpana mno kwako. Huo ndio unaobeba matiti. Ukilegea, uzito wote unahamia mabegani. Umetuandikia chini ya matiti una sentimita 80 na kifuani 97. Tofauti ni 17. Kwa vipimo vya Ulaya 12 hadi 14 ni A, 14 hadi 16 ni B, 16 hadi 18 ni C, 18 hadi 20 ni D. Kwako ni 80C, ambayo kwa vipimo vya Uingereza ni 36C. Usipoipata, shuka mkanda mmoja na upande herufi moja (34D), au kinyume chake (38B). Kikombe ni kile kile. Mpya ifungwe kwenye ndoano ya nje kabisa, kisha uingie ndani kadiri lastiki inavyolegea. Ianike kivulini. Jua la Dar linaua lastiki kuliko kuvaa.

Nina miaka 19, urefu sentimita 178, kilo 58. Mtaani naitwa kimbaumbau. Rafiki ananishauri vidonge vya kunenepesha, anasema wiki mbili tu shavu linajaa. (Msomaji, Manzese)

Mdogo wetu, usiguse. Vidonge vingi vinavyouzwa kwa sifa hiyo ni deksamethazoni, dawa ya hospitali ya kutuliza uvimbe na mzio mkali, au siproheptadini, dawa ya mzio inayoongeza hamu ya kula na usingizi. Shavu linajaa kweli, kwa sababu deksamethazoni huhamishia mafuta usoni, tumboni na nyuma ya shingo na kuubakiza mwili na maji. Mikono na miguu huwa inapungua, kwa sababu dawa hiyo hiyo inakula misuli. Inapandisha sukari na presha, inadhoofisha mifupa na kinga. Anayeitumia kwa wiki kadhaa mwili unaacha kutengeneza homoni yake, kwa hiyo akikata ghafla anaweza kuzimia au kupoteza maisha. Kama kuna msomaji ameshazoea, asiache mwenyewe. Aende hospitali na pakiti mkononi, daktari atapunguza kidogo kidogo. Dada zetu wanaouziwa "dawa za kichina" za kuongeza hipsi na makalio, tahadhari ni hiyo hiyo: hakuna kidonge kinachojua njia ya kwenda kwenye hipsi peke yake.

Uzito wako kwa kilo ukigawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe (1.78 mara 1.78) unapata 18.3, chini kidogo tu ya 18.5 inayohesabiwa ya kawaida. Kama umekuwa hivyo siku zote, unakula na una nguvu, ndivyo ulivyo. Kama umepungua karibuni bila sababu, una kikohozi cha wiki mbili au zaidi, au unatoka jasho usiku, nenda kituo cha afya ukapime kifua kikuu, VVU na sukari.

Nguo sasa. Mtumbani chagua shati kwa mabega: mshono wa bega ukae juu ya mfupa. Pande za shati fundi anapunguza kwa muda mfupi, bega ni kazi ya kulifumua shati zima. Suruali usipunguze kiuno zaidi ya inchi 2 kwenye mshono wa nyuma. Ukizidisha, mifuko ya nyuma inakutana katikati na kila mtu anaona. Acha jinzi za kubana ngozi, chukua iliyonyooka. Na usirundike fulana mbili ndani ya shati kutafuta unene kwenye joto hili.

Mapaja yanasuguana, nikitembea kutoka kituoni yanawaka moto. Pia pameingia weusi. (Msomaji, Gongo la Mboto)

Vaa skintaiti inayofika karibu na goti, au paka mafuta ya mgando kiasi cha kijiko cha chai kila paja kabla ya kutoka. Poda achana nayo; ikikutana na jasho inaganda na kukwaruza. Ukiona duara lenye kingo zinazowasha, hao ni fangasi: krimu ya klotrimazoli mara mbili kwa siku, uendelee wiki 2 baada ya kupona. Isiwe ile iliyochanganywa na betamethazoni, maana mapajani inaifanya ngozi iwe nyembamba na kuacha michirizi isiyofutika. Weusi wa msuguano hufifia msuguano ukikoma, usisugue limau wala mkorogo. Ila kama shingoni na kwapani nako ngozi imekuwa nyeusi, nene na laini kama mahameli, pima sukari.

Binti yangu ana miaka 14. Tangu avunje ungo amenenepa, shangazi zake kila wakija wanamtania. Sasa hataki kwenda ufukweni Coco na wenzake, na chakula cha jioni anaruka. (Mama, Kinondoni)

Mama, hipsi na mapaja kuongezeka kipindi hicho ni ukuaji, na ni kazi ya homoni. Kumnyima ugali hakuuzuii, kunampa njaa na siri. Mizani itoke nyumbani. Shangazi uzungumze nao wewe, binti asiwepo: "Wifi, akija mezani msimzungumzie mwili, mwulizeni habari za shule." Ugumu upo, kwa sababu kwetu "umenenepa" ni salamu na aliyesema hakukusudia ubaya. Waeleze kwamba ameacha kula. Wengi wakilisikia hilo wananyamaza.

Sketi ya shule ya mwaka jana inayombana kila asubuhi inamtukana kuliko shangazi. Mshonee mpya yenye lastiki nyuma ya kiuno, akiba ya inchi moja kila upande na pindo la inchi 3 la kuachia. Kwa Coco, kaptura ya kuogelea na fulana yake vinatosha, alimradi achague yeye dukani.

Angalia kama anakimbilia chooni kila akimaliza kula, au hedhi iliyokuwa inakuja imekatika miezi 3, au anazimia shuleni. Hapo usisubiri muhula uishe. Anzia kituo cha afya cha karibu, uombe barua ya rufaa. Muhimbili wana idara ya afya ya akili, na mtoto wa miaka 14 anapokelewa.