Ukibishana kwa nini wakubwa hawaendi, anzia Mogadishu

Barazani kwetu Ngamiani, kahawa ikishamiminwa na kashata zikipita mkono kwa mkono, mazungumzo ya vita vya Sudan, na kwa nini mataifa makubwa hayapeleki askari kuvizuia, huishia palepale: "Wangeona faida, Wamarekani wangekwisha kwenda." Nafundisha historia sekondari hapa Tanga, na wanafunzi hunijibu vivyo hivyo. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, ila nakushauri usitosheke nalo.

Darasani huwa naandika tarehe ubaoni, moja chini ya nyingine, bila maelezo. Desemba 1992: Marekani yapeleka maelfu ya askari Somalia kulinda chakula cha wenye njaa, nchi isiyouza hata pipa la mafuta. Tarehe 3 Oktoba 1993: mapigano yazuka Mogadishu, Wamarekani 18 wauawa, na maiti zaburutwa mitaani dunia nzima ikiona. Machi 1994: Wamarekani wameshaondoka. Tarehe 7 Aprili 1994: mauaji ya kimbari yakianza Rwanda, askari 10 wa Ubelgiji waliokuwa wakilinda amani chini ya Umoja wa Mataifa wauawa Kigali, na Ubelgiji yaondoa kikosi chake. Tarehe 21 Aprili: Jenerali Roméo Dallaire, kamanda wa walinda amani hao, akiwa anaomba askari zaidi, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa laamua kati ya askari wake wapatao 2,500 wabaki 270 tu.

Hapo darasa hunyamaza, kisha mmoja huuliza, "Kwani hawakujua, mwalimu?" Walijua. Lakini Mnyarwanda hapigi kura Washington wala Brussels. Jeneza la askari ndilo linalorudi kwa mama mwenye kura, na rais analiogopa jeneza hilo kuliko lawama za dunia. Kwangu mimi hii ndiyo sababu nzito kuliko zote, na inaniuma kila mwaka ninapoifundisha. Mwisho wa mwezi uleule, wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka mpaka wa Rusumo kuingia Ngara kwa takriban siku moja. Waliowapokea ni sisi Watanzania, na vijana wengi wa Tanga hawajawahi kuambiwa.

Kwa hiyo ukisikia kiongozi anasema "tunafuatilia kwa karibu", tafuta kwanza nani amepiga kura gani. Novemba 2024 wajumbe 14 wa Baraza la Usalama waliunga mkono azimio la kusitisha mapigano Sudan, Urusi peke yake ikalizuia kwa kura ya turufu. Kisha uliza nani yuko tayari kutoa askari, wangapi, na wataruhusiwa kufanya nini wakifika. Matokeo ya kura hizo yako wazi kwenye tovuti ya Umoja wa Mataifa. Yasome kabla ya kwenda barazani.